Félicité: Mwimbaji wa Kinshasa Aliyeikamata Garissa

Hata kabla hajafungua mdomo, ameshakushika. Mwanamke amekaa ndani ya baa ya Kinshasa, usiku, watu tele, walevi wanatambiana, mmoja anatafuta ugomvi, chupa zinagongana, naye kanyamaza kimya. Kamera imemganda usoni. Hacheki, hanuni, hana haja ya kupendwa na yeyote pale ndani. Mara anasimama, anashika kipaza sauti, ngoma za Kasai zinaingia, na ile sauti inatoka. Jamani! Nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka, nikainuka nikakaa wima, na hivyo ndivyo nilivyobaki kwa zaidi ya saa mbili.

Filamu inaitwa Félicité, ya mwongozaji Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegal na Guinea-Bissau. Ilitoka 2017. Najua, wenzetu wa Nairobi huenda walishaijadili wakaichoka, lakini huku Garissa filamu hutufikia kwa njia zake: kwa simu, kwa kompyuta ya mapajani, kwa flashi inayopita mkono hadi mkono. Na zinazotufikia kwa wingi ni za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali, ambazo nazipenda pia na sitazisema vibaya. Hii imenijia sasa, nimeitazama kwa mara ya kwanza, na siwezi kungoja moyo utulie ndipo niandike. Yanayofuata yanasimulia mpaka mwisho wa kisa, kwa hiyo asiyetaka kujua kitakachotokea aitazame kwanza kisha arudi.

Félicité ni mwimbaji wa baa. Anaishi na mwanawe barobaro, Samo, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini. Asubuhi ya kwanza tunamkuta akihangaika na friji lililokufa, fundi ameitwa, na fundi mwenyewe ni Tabu, jamaa mnene wa pale baani, mlevi na mpenda wanawake, ambaye usiku uliopita alikuwa chakari. Simu inalia. Samo amepata ajali ya pikipiki. Mama anakimbia hospitalini, anamkuta kijana amelazwa, mguu umevunjika vibaya, na anaambiwa lile neno ambalo kila mzazi wa huku analijua: operesheni itafanyika pesa zikilipwa.

Basi hapo ndipo filamu ilipoacha kuwa ya Kinshasa, ikawa yetu. Nani Garissa asiyemjua kijana wa boda boda aliyeletwa na bajaji akiwa amefungwa mguu kwa leso? Nani hajawahi kuamka asubuhi akakuta ametiwa kwenye kundi jipya la simu lenye picha ya mgonjwa, jina la hospitali ya Nairobi na namba ya kutuma mchango? Sisi Wasomali huita qaaraan. Wazee wanakaa chini ya mti, ukoo unahesabiwa mlango kwa mlango, na jioni orodha inasomwa: fulani elfu mbili, fulani mbuzi, fulani yuko Minneapolis atatuma kesho. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni safari ya kuvuka daraja la Tana, kupita Mwingi na Thika, karibu kilomita mia nne, na mara nyingi mgonjwa huondoka huku nusu ya pesa bado iko midomoni mwa watu.

Félicité hana mti wa wazee. Ana miguu yake tu. Anazunguka jiji akisaka kila senti: anakwenda kwa jamaa, anakwenda kwa waliokopa kwake, anamlipa polisi ili aandamane naye kudai deni. Baba wa Samo anamwambia maneno ya kukata maini, kwamba si alijifanya mwanamke ngangari, basi na apambane. Mwishoni anaingia kwa nguvu nyumbani kwa tajiri asiyemjua, anakataa kutoka, anapigwa, anaburuzwa, bado hatoki, mpaka yule bwana anampa pesa ili amwondokee. Sijapata kuona filamu ikionyesha ombaomba wa namna hii, anayeomba bila kuinamisha kichwa. Haombi huruma ya mtu. Anadai, kama vile dunia nzima ina deni lake na yeye kashika daftari.

Kuna tukio moja dogo hospitalini ambalo limenikaa kifuani kuliko hata kile kipigo. Mwanamke mmoja pale wodini anaanza kuzungumza naye kwa upole, dada kwa dada, anajitolea kwenda kumnunulia dawa. Félicité anampa pesa. Mwanamke anaondoka. Tunangoja. Harudi. Kamera haimfuati mwizi, haitupi muziki wa kutushtua, inabaki na Félicité anapoanza kuelewa taratibu kwamba ametapeliwa. Wenzangu niliokuwa nao, akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni, ambao pesa huzishika kwa hesabu kali kuliko benki, walipiga kelele kabla yake: “Abaayo, dada yangu, usimpe!” Walikuwa wanasoma uso wa tapeli vizuri kuliko wanavyosoma maandishi ya chini ya skrini. Watu wanazungumza Kilingala, maandishi ni ya Kiingereza, na bado hakuna aliyepotea njia.

Véro Tshanda Beya Mputu, aliyeigiza Félicité, alikuwa hajawahi kuigiza filamu kabla ya hii. Narudia: hajawahi! Mpiga picha Céline Bozon anamsogelea mpaka uso unajaza skrini yote, na mwanamke huyu hafanyi lolote la kutuonyesha kwamba anaigiza. Anafikiri tu, na sisi tunamwona akifikiri. Akikasirika, taya linakaza kidogo. Akishindwa, macho yanahama upande. Sauti ya kuimba inayosikika si yake, ni ya Muambuyi, mwimbaji wa kundi la Kasai Allstars, na nilipolijua hilo baadaye nilirudia nyimbo zote kutafuta mshono kati ya mdomo na sauti. Sikuupata. Mwili wa mmoja na koo la mwingine vimekuwa mtu mmoja.

Kasai Allstars nao! Ni mkusanyiko wa wanamuziki kutoka makabila mbalimbali ya Kasai wanaofanya kazi Kinshasa, na wamo kwenye filamu wakipiga wenyewe, jasho likiwatoka. Wana likembe, ile ala ya vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba, iliyounganishwa na umeme mpaka inanguruma na kukwaruza. Wana gitaa linalozunguka palepale bila kuchoka, na ngoma zinazokuja juu yake wimbi baada ya wimbi. Muziki huu haukuachi utulie, na Gomis anauacha uendelee. Wimbo haukatwi baada ya dakika moja ili kisa kisonge. Wimbo ndicho kisa. Mle ndani Félicité yuko kazini, anapata riziki yake, na kwa wakati huohuo yuko mahali ambapo hakuna mume, daktari wala tajiri anayemfikia. Ndiyo maana nasema huyu ni mwimbaji wa kweli wa filamu. Kwa waimbaji wengi wa filamu wimbo ni pambo, kisa kinasimama, wanaimba, kisha kisa kinaendelea. Kwa Félicité ukiuondoa wimbo hakuna mtu anayebaki.

Na filamu inauondoa. Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka kusema juu yake.

Anarudi hospitalini na pesa na anakuta amechelewa: mguu wa Samo umekatwa. Ningekuwa mimi mtunzi, hapo ningemaliza, taa ziwashwe, watu wafute machozi. Gomis bado ana nusu nzima ya filamu. Samo anarudi nyumbani, hasemi, amegeukia ukuta. Mama anarudi baani na sauti haiji. Anasimama mbele ya watu walewale, bendi ileile, na kitu kimekauka. Ngangari aliyewavunjia matajiri milango sasa hawezi kufungua kinywa. Nimeona misiba mingi kwenye filamu, ya risasi na ya sumu na ya mapenzi yaliyokatazwa, lakini sikumbuki uliouma kama huu wa mwimbaji aliyekosa pa kuianzia sauti.

Katika kipindi hiki filamu inafanya vitu viwili vya ajabu. Kwanza, inatupeleka kwa Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ile okestra maarufu ya Kinshasa iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa mhubiri Simon Kimbangu. Tunawaona wanamuziki na waimbaji wa kwaya wakipiga kazi za Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, polepole, kwa utulivu unaotia baridi mwilini. Hawamo kwenye kisa. Hawamjui Félicité. Wapo tu, katika jiji hilohilo, wakiishika nota wakati yeye hawezi. Pili, usiku anatembea msituni, gizani, anaingia majini, na anatokea okapi, yule mnyama wa misitu ya Kongo mwenye milia miguuni. Hakuna maelezo. Mama mmoja tuliyekuwa naye alisema moja kwa moja kwamba Félicité hapo ni mtu anayekwenda kufa na kukataliwa, na sijasikia tafsiri nzuri kuliko hiyo.

Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tunamjua mwanamke huyu. Tunamjua kwa jina la Maryam Mursal. Alizaliwa Galkayo, akawa sauti kubwa ya muziki wa Somalia, na katika miaka ya 1980 alipoimba wimbo uliougusa utawala wa Siad Barre alifungiwa kuimba, akaendesha teksi na lori ili kulisha watoto. Vita vilipoifikia Mogadishu aliondoka na watoto wake watano, wakasafiri miezi saba, wakipita Kenya na Ethiopia mpaka Djibouti. Baadaye alifika Denmark, na 1998 ikatoka albamu yake The Journey kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Alipoteza nchi, nyumba na jukwaa, na koo likabaki salama. Nilipomwona Félicité akisimama baani bila sauti, nilimwaza Maryam akiwa ameshika usukani wa lori. Muda wote ule alikuwa akiimba wapi?

Na tunajua pia maana ya kunyamazishwa kwa amri. Aprili 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam waliviamuru vituo vya redio vya Mogadishu viache kupiga muziki, na vituo vingine vikaamua kuweka milio ya wanyama na hata ya risasi pale palipokuwa na nyimbo. Mpaka wetu na Somalia ni mchanga na miiba tu, na hofu hiyo ilivuka bila pasipoti. Hata hivyo nenda kwenye arusi yoyote ya Garissa upande wa akina mama, uone. Mmoja anaanza buraanbur, beti zake mwenyewe, za kumsifu bi arusi na kuwasuta waliokuwa na shaka, wenzake wanamjibu kwa makofi na vigelegele, mtu anaingia katikati akijifunika shali na kuifunua. Ngoma ya dhaanto ikianza, hata bibi mwenye magoti mabovu anainuka. Kutoka mji huuhuu lilizaliwa kundi la akina mama la Gargar, lililorekodi na Ketebul Music ya Nairobi, na ukiwasikiliza mara baada ya Félicité utashangaa jinsi sauti za wanawake walioona mengi zinavyofanana.

Nimewaza sana pia juu ya Selma, yule mama wa filamu ya Lars von Trier ya 2000, Dancer in the Dark, aliyoiigiza Björk akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes. Visa vinakaribiana mno: mama peke yake, mwana mmoja, operesheni inayohitaji pesa, na muziki unaomshikilia. Selma anasikia nyimbo ndani ya mashine za kiwandani, anapofuka taratibu, na mwisho wake ni kamba ya mnyongaji. Nililia nilipoitazama, na bado naiheshimu. Lakini nimeanza kuchoka na filamu zinazompenda mwanamke kwa kumuua. Von Trier anamfanya Selma aimbe ili tuvunjike mioyo. Gomis anamwacha Félicité aishi, na kuishi kwake kunatisha zaidi, kwa sababu kesho kuna sufuria la kuosha, kuna mtoto wa mguu mmoja wa kusaidiwa kwenda msalani, kuna friji lilelile.

Wasomali wenzangu watakumbuka filamu nyingine, The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, iliyopigwa Djibouti kwa Kisomali kitupu. Nasra, aliyeigizwa na Yasmin Warsame, anaugua figo, na mumewe Guled, mchimba makaburi, anatafuta dola 5,000 za operesheni. Hata Nasra, mgonjwa vile, anapata nguvu za kuvamia arusi ya watu na kucheza. Félicité ilishinda farasi wa dhahabu wa Yennenga katika tamasha la FESPACO la Ouagadougou 2017, na hii ya Khadar ikashinda 2021. Ndani ya miaka minne, zawadi kubwa kabisa ya filamu za Afrika imekwenda mara mbili kwa kisa cha mtu anayekimbizana na bili ya hospitali. Majaji wanajua bara lao. Gomis, kwa njia, alikuwa tayari amemchukua farasi huyo 2013 kwa filamu yake Tey, na mwaka huohuo wa 2017 Félicité ilipewa Tuzo Kuu ya Majaji mjini Berlin. Senegal ikaipeleka kwenye mashindano ya Oscar, ikaingia kwenye orodha fupi.

Nirudi kwa Tabu, maana juu yake tulibishana mpaka saa nane usiku. Papi Mpaka anaigiza jitu lililojaa mlango, lenye sauti nene na tabia mbovu, na ni yeye anayembeba Samo. Anambeba kimwili, mgongoni, na anambeba kwa maneno ya upuuzi, kwa utani, kwa kukaa naye bila kumhurumia. Sehemu ya wenzangu walisema mlevi hana nafasi nyumbani kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Mimi nasema mtazame anavyohangaika na lile friji. Hana pesa, hana ahadi, hana hata uaminifu wa kitandani, ila kila siku anarudi na bisibisi yake. Félicité naye hamwangukii kifuani. Anamruhusu akae, kidogo kidogo, na uso wake, ule uliokuwa jiwe saa nzima, unaanza kulegea. Siku anapocheka, kicheko cha kweli kinachotoka tumboni, chumba chetu kizima kilicheka naye, na kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akifuta machozi huku akicheka.

Kisha anaimba tena. Filamu haitangazi ushindi. Mguu haujarudi, pesa hazijaongezeka, baa ni ileile na walevi walewale. Ila sauti imepata njia, na safari hii inatoka chini zaidi, haina haraka, haimpigii mtu magoti. Mwanzo aliimba kama mtu anayepigana. Sasa anaimba kama mtu aliyepigana na bado yupo, na tofauti hiyo unaisikia kabla hujaielewa.

Ina kasoro? Nusu ya pili ni ndefu, na asiyezoea filamu zinazokwenda kwa mwendo wa ngamia aliyeshiba ataangalia saa. Wanaotaka kila kitu kielezwe watakasirika na okapi. Na niseme wazi kwa wazazi wa huku: kuna pombe nyingi na kuna mambo ya chumbani, kwa hiyo watoto walale kwanza. Baada ya hapo sioni sababu ya kuikosa. Nimeshavitazama tena vipande vya baani peke yake, na kila mara nagundua uso mwingine nyuma ya Félicité, mteja anayefumba macho, mwanamke anayeimba maneno bila kutoa sauti.

Ukiipata, usiitazame kwa spika ya simu, tafadhali. Azima spika za arusi kwa jirani, zile kubwa, utandike mkeka uani baada ya isha, uite dada zako na mama zako na yule shangazi anayejua buraanbur. Ikiisha, tafuta albamu inayoitwa Around Félicité, yenye muziki wa Kasai Allstars, uiweke mara moja kabla watu hawajaanza kuaga. Sisi tulifanya hivyo, na shangazi akadakia juu ya likembe kwa beti zake za Kisomali, akiwaimbia watu wa Kinshasa ambao hatawaona kamwe, na mdundo ukampokea bila kuteleza.